Kuhusu mtaro, na kiwanja cha marehemu baba yako

Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Sisi wazima, mama anakusalimu sana. Nina jambo la kukuomba juu ya kiwanja chenu, ila kwanza nikupe habari za diwani wetu.

Uliondoka ukisema wanasiasa ni watu wa kanga na fulana, kura zikishahesabiwa huwaoni. Huyu mama tunamwona. Mtaro ulipofurika masika yaliyopita, alipita nyumba kwa nyumba kwenye tope akiuliza maji yamefika wapi ukutani, anaandika kwenye daftari. Daftari hilo ndilo aliloingia nalo kwenye Baraza la Madiwani.

Watu wanadhani diwani ana fungu lake la fedha. Hana! Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na Mfuko wa Jimbo kamati yake inaongozwa na mbunge. Yeye ana kiti chake barazani, uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na miguu yake. Basi anafuatilia. Barua inapelekwa, inagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala anabaki nayo. Kimya kikizidi anarudi kuuliza faili liko mezani kwa nani. Nimewahi kumsindikiza, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka ofisi inafungwa. Kesho yake akaenda tena. Hapo hakuna jukwaa wala kipaza sauti, na mimi kazi hiyo naiheshimu kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia. Hata ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yeye ndiye aliyekaa na kikundi chetu cha kina mama mpaka katiba yetu ikanyooka.

Sasa wahandisi wamekuja kupima. Maji ya kutoka barabarani yanatafuta njia ya kwenda Mto Msimbazi, na njia iliyonyooka inapita ubavuni mwa kiwanja chenu, pale penye mwarobaini. Wanaomba ukanda mwembamba tu wa kupitisha mtaro. Majirani wa juu wameshasaini. Kuna waliosema kazi ianze, wewe utaambiwa baadaye. Diwani akakataa katakata, mwenye eneo lazima aulizwe.

Najua baba alivyokipenda kile kiwanja. Lakini unaikumbuka Desemba 2011, magodoro yanaelea, na wenzetu wangapi wakahamishiwa Mabwepande. Watoto wanaolala humu leo hawajayaona yale, na sitaki wayaone.

Zungumza na kaka zako mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mtaro usipoingia kwenye bajeti hii tunangoja mwaka mwingine mzima. Mkikubaliana, njoo na karatasi za mirathi, maana kiwanja bado kina jina la marehemu. Utafikia kwangu, na kwa mtendaji wa kata tutakwenda wote.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa bondeni