Foronya za bibi zinakiliwe, zisikatwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji, hasa mabinti na vijana wanaotengeneza majumbani vitu vya mtindo wa zamani. Siku hizi kazi hiyo imepata watu. Mikoba, mito ya makochi, vitambaa vya meza, picha za kudarizi za ukutani, vyote vinauzwa kwa kusifiwa ukale wake, na wanunuzi wapo. Nimefurahi mno. Nimefundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na kwa muda mrefu niliamini sindano ya kudarizi itaondoka na kizazi chetu. Ila naona mkasi unatangulizwa mahali ambapo penseli ingetosha, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kinachofanyika ni hiki. Kijana anafungua sanduku la bibi yake, anatoa foronya zilizodariziwa kwa mkono, anakata lile ua la kona na kulibandika kwenye mkoba wa jinzi. Mkoba unapendeza, sikatai. Unanunuliwa siku hiyohiyo. Kilichobaki cha foronya kinageuka tambara la kufutia meza, na foronya ya pili ya jozi ile inakatwa wiki inayofuata kwa kuwa mteja mwingine ametaka kama ile. Hapo mchoro umekwisha. Hakuna wa tatu.

Binti wa jirani yangu hapa Makorora, Tanga, alikuja na foronya ya namna hiyo. Alinisalimu, akaitandaza mezani, akaniomba mkasi wangu mkali. Ilikuwa ya amerikani nzito, kile kitambaa cha pamba tupu, tausi wawili wanatazamana, mawaridi kuzunguka, na chini maneno USIKU MWEMA MPENZI kwa mshono wa mnyororo. Herufi S ya kwanza ilikuwa imegeuka, tumbo la juu limeelekea upande usio wake. Binti akaniambia, "Mwalimu, tausi nawachukua. Hapa penye maneno napaacha, mtu akiiona hiyo S atacheka." Nikamuuliza nani aliyeishona. Bibi yake mzaa mama. Alisoma wapi? Hakusoma shule, alisoma kisomo.

Wasomaji wa umri wangu wataelewa mara moja. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata akina mama wa nchi hii waliketi jioni chini ya miembe, kwenye madarasa ya watoto wao na kwenye ofisi za vijiji, wakijifunza kuumba herufi. Wengi wao hawakuacha barua. Daftari za kisomo zililiwa na mchwa au ziliwashia moto. Mwandiko uliosalia ni ule walioushona kwenye foronya, kwenye vitambaa vya makochi, kwenye kile kitambaa kilichofunika redio sebuleni. Kanga nayo ina maneno, na tunayapenda, lakini maneno ya kanga mtu huyachagua dukani yakiwa yameshachapishwa kiwandani. Ya foronya mwanamke aliyachora mwenyewe, kisha akayapitia kwa sindano herufi baada ya herufi. Nikamwambia yule binti kwamba hiyo S ndiyo mkono wa bibi yake, na tausi angeweza kuwapata popote. Mkasi sikumpa. Tulikaa tukainakili, na jioni aliondoka na foronya nzima na mchoro wa kufanyia kazi.

Naieleza njia yenyewe, maana wengi wanakata kwa kutojua kwamba kunakili ni rahisi.

Tandaza foronya kwenye meza ngumu yenye uso laini, ikiwa imepigwa pasi ya uvuguvugu upande wa ndani ili maua yasilale. Weka juu yake karatasi nyembamba, uigandamize pembeni kwa vitu vizito ili isiteleze. Chukua penseli ya risasi laini, ilaze ubavu, usugue polepole. Nyuzi zimeinuka juu ya kitambaa, kwa hiyo kila mshono utajitokeza mweusi kwenye karatasi, hata zile nukta ndogo za moyo wa ua. Usitumie kalamu ya wino ukiwa juu ya foronya. Wino ukipenya karatasi hautoki. Ukimaliza, iondoe karatasi, uipeleke meza nyingine, na huko ndiko upite na kalamu juu ya mistari ili isomeke vizuri.

Sasa karatasi hiyo itobolewe. Iweke juu ya blanketi lililokunjwa, utoboe kwa sindano kufuata mistari, tundu karibu na tundu. Mwenye cherehani aitoe uzi, apitishe karatasi chini ya sindano tupu, kazi itakwisha upesi. Geuza karatasi, piga msasa laini upande wa nyuma ili matundu yafunguke. Saga mkaa uwe unga, uchekeche kwa soksi ya nailoni, uufunge kwenye kitambaa kiwe kifurushi cha ukubwa wa ndimu. Karatasi ikiwa juu ya kitambaa kipya, gongagonga kifurushi kwenye matundu. Inua karatasi moja kwa moja kwenda juu, usiiburute. Utaona mchoro wote umeandikwa kwa nukta. Ziunganishe kwa penseli nyembamba, kisha puliza unga uliobaki. Karatasi hiyo hiyo utaitumia tena na tena, na shoga yako ataiazima. Kaboni ya bluu siipendi kwa kazi hii. Inachafua mkono, mkono unachafua kitambaa, na mstari wake wakati mwingine haufuliki.

Wengine wananiambia picha ya simu inatosha. Haitoshi. Picha haikupi kipimo, inapinda mistari ya pembeni, na zaidi ya yote haigeuzi foronya. Kazi ya kudarizi inasomwa kwa nyuma. Nyuma ndiko unakoona uzi uliingilia wapi na kutokea wapi, ulikuwa wa nyuzi mbili au tatu, na jani lilijazwa kwa mshono wa kulala au kwa mnyororo uliobananishwa. Uzi wa kudarizi unauzwa ukiwa nyuzi sita pamoja, na mafundi wetu wa zamani waliugawa: nyuzi mbili kwa mashina na vikonyo, tatu kwa petali. Anayeingiza zote sita anapata ua zito linalovuta kitambaa, halafu analaumu kitambaa.

Rangi nazo zimehifadhiwa nyuma. Upande wa juu umepigwa na jua na sabuni kwa miaka mingi, ndiyo maana vijana wanadhani kazi za zamani zilikuwa za rangi za kufifia, waridi hafifu na kijani cha majivu, na wananunua nyuzi za rangi hizo. Geuza foronya. Utakuta nyekundu inayowaka, manjano kali na zambarau ya kukomaa. Bibi zetu walipenda rangi! Anayetaka kutengeneza kwa mtindo wao atumie rangi walizozichagua wao, si zile jua lilizobakisha.

Na ukiona ua moja lina nyekundu za aina tatu, usilisahihishe kabla hujajua limeshonwa lini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchini, na uzi wa kudarizi haukuonekana dukani. Akina mama walifumua vitambaa vilivyochakaa ili wapate nyuzi, wakaomba mabaki kwa majirani. Ua la rangi tatu linaeleza hayo yote. Mimi ninapolinakili naliacha na rangi zake tatu.

Kuhusu kitambaa nitasema kwa ufupi, ingawa moyo unataka kurefusha. Amerikani ilifika Zanzibar kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, ikaenea hadi ndani kabisa bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi. Baadaye tukapata viwanda vyetu, kikiwemo cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Kilichowavutia wadarizi wakati wote huo ni pamba tupu iliyofumwa kwa ufumaji wa kawaida: inakubali sindano, inakubali wanga, inavumilia kuchemshwa. Kitambaa cha kuchanganywa na plastiki, hata kikiwa cheupe cha kupendeza, kinateleza kwenye fremu na mshono unajikunja. Kabla hujanunua jora, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Ile nyingine inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Ukishanunua, loweka na ukaushe kwanza, maana pamba hurudi, na ikirudi baada ya kudariziwa, maua yote yatavimba. Uzi mwekundu ujaribiwe pia: ulowanishe, uufunike kwa kitambaa cheupe, piga pasi ya moto. Ukichuja hapo, utachuja na kwa mteja.

Mashine za kudarizi sina ugomvi nazo. Zina kazi yake kwenye kanzu, majoho na sare za shule, na vijana wanaoziendesha wanastahili riziki yao. Ninachoomba ni muuzaji asimwambie mteja kwamba kazi ya mashine ni ya mkono. Mteja naye ageuze kitu kabla ya kulipa. Nyuma ya kazi ya mashine utaona uzi mwingine, mara nyingi mweupe, umepita kote kwa mpangilio usiobadilika.

Kuna foronya zinazoweza kukatwa, sitaki nionekane nakataza kila kitu. Ikiwa panya wamekula katikati, au kitambaa kimeoza kwenye mikunjo kiasi cha kuchanika ukikigusa, basi kinakili kwanza, piga picha mbele na nyuma ukiwa umeweka rula pembeni, halafu kipande kilicho kizima kitumie upendavyo. Hata hapo, maneno yasitupwe. Mkoba wenye jina la bibi una thamani kuliko mkoba wenye ua peke yake, na wateja wanaojua wanalipa zaidi kwa ajili hiyo.

Zilizo nzima zitunzwe ipasavyo. Sisi wa pwani tunaharibu vingi kwa nia njema. Tunafua, tunatia wanga wa muhogo, tunapiga pasi mpaka inang'aa, kisha tunafungia sandukuni. Wanga ni chakula cha mende. Foronya ya kuwekwa isitiwe wanga; utautia siku ya kuitandika. Isikae moja kwa moja kwenye sanduku la bati, kwa kuwa hewa ya bahari inaleta kutu na kutu inahamia kwenye nguo. Ifungwe kwa kanga kuukuu, na kila inapotolewa ikunjwe mahali pengine. Doa la kutu likishaingia, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, suuza vizuri, rudia. Lakini usimwagie ndimu juu ya nyuzi za rangi.

Mhariri, kwako nina ombi moja. Zamani magazeti na majarida yalikuwa yanachapa michoro ya kudarizi, na wanawake waliikata na kuigawana mtaa mzima. Tenga nafasi katika ukurasa wa familia, hata iwe mara moja kwa mwezi, uchapishe mchoro mmoja wa foronya kwa ukubwa wake halisi, bila kuupunguza, msomaji autoboe kutoka gazetini. Wenye foronya wako Tanga, Unguja, Lamu, Mombasa, Kigoma, na wengine wamehama nazo hadi Muscat na Toronto. Walete karatasi zao za penseli, foronya zibaki nyumbani. Pembeni liwekwe jina la aliyedarizi kama familia yake inaridhia, pamoja na mahali na mwaka kama unakumbukwa.

Mimi ninazo karatasi za kuanzia: njiwa wenye barua mdomoni, mawaridi ya kona, kitambaa cha redio chenye mnazi na mashua, na wale tausi, ambao binti na mama yake wamekubali wachapishwe pamoja na maneno yao yote. Nitazikabidhi kwa mwandishi wenu wa hapa Tanga zikiwa zimeviringishwa. Naomba na ninyi msizikunje, kwa sababu karatasi iliyotobolewa ikikunjwa huchanika kufuata matundu.

Wako katika kazi za mikono,

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Makorora, Tanga