Barua kwa mwanangu: Simfoni zote tisa za Beethoven, uchague seti ipi

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikairudia tena asubuhi, ile ya "mama nichukue seti gani ya simfoni za Beethoven, ziko nyingi mpaka kichwa kinauma", na nimefurahi kuliko unavyodhani. Seti ninayoisema ni rekodi za simfoni zote tisa za mtunzi huyo, yani zile kazi zake ndefu za okestra, chini ya kiongozi mmoja. Nilitaka nikujibu kwa mstari mmoja tu, jina la seti basi, alafu nikaona hapana, hili jambo nimeishi nalo miaka mingi na siwezi kulimaliza kwa meseji.

Nianze na kosa langu ili usilirudie. Seti yangu ya kwanza niliichukua kwa sababu ya sifa, kila mtu alisema hiyo ndo yenyewe, boksi zito, jina kubwa juu yake. Nikasikiliza ya Tano, nikasikiliza ya Tisa, nikarudi ya Tano, na zile saba zilizobaki zikakaa miaka sijazigusa. Seti haikuwa mbaya, ila haikuwa inaongea na mimi, na mi nikadhani ubaya uko kwangu au uko kwa hizo simfoni zenyewe. Mpaka leo nasikitika ile miaka, maana ya Nne na ya Nane niliziacha humo ndani na sasa hivi ndo ninazozipenda kupita zote.

Kwaiyo usiulize seti ipi ni bora. Jiulize ni kiongozi gani wa okestra anakufanya utake kusikia hata zile ambazo hazisifiwi. Seti nzima ni mawazo ya mtu mmoja juu ya kazi ya maisha, ya Kwanza ilipigwa Vienna 1800, ya Tisa 1824, na hapo katikati Beethoven amepoteza masikio, yani siku ile ya Tisa ilipomalizika ilibidi mwimbaji mmoja, Caroline Unger, amgeuze aone watu wanavyoshangilia kwa sababu hakuwa anawasikia. Safari ndefu hivyo unataka mtu wa kukuongoza mwanzo hadi mwisho, siyo wa kukuonyesha vilele viwili tu.

Na ukitafuta iliyo bora kabisa moja moja hutapata seti. Ya Tano ambayo mi naiweka juu ya zote ni ya kiongozi Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic, 1974, na Kleiber hakurekodi zote tisa kabisa. Ya Tisa ya kiongozi Furtwängler pale Bayreuth, Ujerumani, 1951, tamasha lilipofunguliwa tena baada ya vita, hiyo nayo ukiisikia hutalala, lakini seti zake zimeungwaungwa kutoka kumbi tofauti na miaka tofauti, sauti inapanda inashuka, hiyo siyo ya kuanzia. Hizo utakuja kuziongeza pembeni baadaye.

Sasa kinachowagawa hawa watu ni nini? Kubwa ni kasi. Mwaka 1817 Beethoven alitoa namba za metronomu kwa simfoni zake nane za mwanzo, ile mashine ya Mälzel ya kuhesabia mapigo, na namba zenyewe ni za haraka, haraka kweli, kwa hiyo viongozi wengi wa zamani walisema haiwezekani, labda mashine yake ilikuwa mbovu, wakapiga taratibu wanavyoona wao inafaa. Baadaye wakaja wengine wakasema tumpe mzee heshima yake tujaribu alichoandika. Kuna Gardiner na okestra yake ya ala za kizamani, nyuzi za utumbo wa mnyama, baragumu zisizo na vali (vile vitufe vya kubadili noti), seti yake ilitoka 1994 na inakimbia. Kuna Chailly na Gewandhaus ya Leipzig, ala za kisasa lakini kasi ile ile, walirekodi 2007 mpaka 2009, na hiyo okestra ilishapiga simfoni zote tisa katika msimu mmoja, 1825 kuingia 1826, Beethoven mwenyewe akiwa hai! Upande wa pili kuna Klemperer na Philharmonia, miaka ya 50 mwishoni, mzee mgonjwa, anatembea polepole kama mtu anayebeba jiwe, lakini kila chombo unakisikia, na vayolini za kwanza kaziweka kushoto za pili kulia kwa hiyo zikijibizana unasikia kabisa zinarushiana maneno kichwani mwako.

Usichague upande kwa kusoma. Nikupe namna ninayojaribia seti mimi.

Chukua ya Tano, sehemu ya tatu, dakika ya mwisho kabla haijaingia sehemu ya nne (hazina kituo kati yake, zimeunganishwa). Muziki umeshanyong'onyea, nyuzi (vayolini na wenzake) zinadonolewa kwa vidole tu, alafu unafika mahali nyuzi zinashikilia sauti moja ndefu chini, hazisogei, na kinachobaki ni ngoma. Ngoma peke yake, kwa sauti ndogo mno, to to to, to to to, nusu dakika hivi. Juu yake vayolini zinaanza kupapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, zinapanda, zinapanda, ngoma inaharakisha kugonga, na ghafla sauti inavimba na okestra nzima inafunguka, na hapo ndo tromboni na pikolo (ile filimbi ndogo) vinaingia, vyombo ambavyo vimekaa kimya stejini tangu mwanzo vikingoja dakika hiyo.

Unakumbuka we mwenyewe? Ulikuwa na miaka mitano labda sita, umekaa chini sakafuni sikio kwenye spika, ukaniambia "mama kuna mtu anagonga." Nikakwambia ni ngoma hiyo. Hukuniamini, ukainuka ukaenda kufungua mlango, na mkono wako uko kwenye kitasa ndo tarumbeta zikalipuka, ukageuka unaniangalia macho yamekutoka, hukulia wala hukucheka. Mi ile sura yako siisahau. Tangu siku hiyo kila seti mpya nikiishika naanzia hapo hapo, kwa sababu wewe ndo ulinifundisha pale pakusikilizia.

Basi sikiliza ngoma. Kuna mahali zinapigwa kwa vijiti laini, inakuwa kama mapigo ya moyo chini ya blanketi, ndivyo ilivyo kwa Karajan na Berlin Philharmonic, rekodi za 1961 na 1962 kwenye lile kanisa la Jesus-Christus-Kirche, na pale mwanga unapotoka ni wimbi zima linakubeba. Karajan alirekodi zote tisa mara nne maishani mwake hivyo uangalie vizuri mwaka, hiyo ya 1961-62 ndo ninayokwambia mimi, ilitoka 1963 ikiuzwa kama kitu kimoja. Kwa Harnoncourt na Chamber Orchestra of Europe mambo ni mengine. Okestra ndogo, vijana, ala za kisasa isipokuwa tarumbeta ambazo ni za kizamani zisizo na vali, vijiti vya ngoma vigumu, rekodi za Graz 1990 na 1991, nyingi mbele ya watu ukumbini. Pale ngoma kweli inagonga. Unasikia ngozi. Na tarumbeta zikiingia hazibembelezi, zinachana.

Ukishamaliza hapo nenda kwenye ya Nne, na hii ndo inayoonyesha mtu kama ana moyo na seti nzima au alikuwa anangoja ya Tano tu. Mwanzo wake giza tupu, polepole, hujui unaenda wapi, alafu inaruka kwa furaha. Asiyeijali anaupitia ule mwanzo kama utangulizi wa kawaida na furaha inakuja bila sababu. Sehemu ya mwisho kuna fagoti, lile bomba refu la mbao, linapewa kipande kidogo cha kasi peke yake, sekunde chache, na ukisikia mpigaji anatetemeka lakini anafika, jua umepata okestra hai. Mi huwa narudisha nyuma nisikie tena.

Mengine madogo. Marudio: Beethoven aliandika sehemu fulani zirudiwe, viongozi wengi wa zamani waliziruka, Gardiner anazirudia. Kwa ya Tatu, Eroica, mi napenda mwanzo urudiwe, ile sehemu ni kubwa na ukiruka inakuwa kama umekata mti shina. Ubora wa sauti usikutishe sana, za 1961 bado ziko safi, ila Toscanini na viongozi wengine wa kabla ya stereo waache kwanza, siyo kwa ubaya, sikio lako bado linahitaji nafasi. Na zote hizi ziko mtandaoni, sikiliza kwanza kabla hujatoa hela, tena kwa spika ukiweza, hedifoni zinaileta ngoma karibu mno na ile hali ya kutoka mbali inapotea.

Ukinibana nitaje moja nitasema Harnoncourt. Karajan nampenda na kuna jioni namtaka yeye tu, anakuchukua uende naye, lakini kwa Harnoncourt hakuna simfoni iliyoachwa nyuma, ya Pili ina moto, ya Nane ina kicheko, na ya Sita ile mvua inaponyesha unataka kuingia ndani. We umri wako, jinsi ulivyo mtu wa kuuliza uliza, nadhani huyo atakufaa. Lakini kama ukisikia kipande kile nilichokwambia na mwili ukasisimka kwa mwingine, Klemperer, Chailly, yeyote, chukua huyo, usiniangalie mimi.

Jambo moja tu nakuomba. Ile ngoma ikianza kugonga peke yake utashawishika kuongeza sauti kwa sababu husikii vizuri. Usiongeze. Iache hivyo hivyo, sogea karibu na spika kama zamani. Alafu nipigie uniambie ni kwa nani uligeuka kuangalia mlango.

Nakupenda sana,
Mama