Msitutenge na Kariakoo, tusogezeeni ofisi

Mhariri,

Mimi ni mfyatuaji wa tofali, naishi Chanika. Tangu mwaka 2025, jimbo la Ukonga lilipogawanywa na Kivule kupata jimbo lake, wateja wangu wengi wanasema sasa ni zamu ya halmashauri: Ilala ikatwe, sisi wa pembezoni tupewe manispaa yetu. Naomba nafasi niwapinge, ingawa shida wanayoisema naijua vizuri.

Shida ni umbali. Nilipokuwa nafuatilia kibali cha kujenga vyumba viwili vya kupangisha, nilikwenda mjini mara nne. Ni zaidi ya kilometa 30. Unatoka alfajiri, unabadilisha gari Gongo la Mboto, foleni ya Tazara inakusubiri, ukifika jua limeshapanda. Siku moja niliambiwa ofisa ninayemtafuta ametoka kwenda kukagua viwanja, tena huku huku kwetu. Simlaumu, alikuwa kazini. Lakini siku zote nne mashine yangu ililala.

Wanaotaka tukatwe wana hoja ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Ilala watu 1,649,912 na Kigamboni 317,902. Sisi ni zaidi ya mara tano yao, na wao wana manispaa tangu walipotolewa Temeke.

Sasa tuangalie fedha. Kariakoo iko Ilala. Posta iko Ilala. Leseni za maduka yale, ushuru na kodi za huduma, ndiyo mapato ya ndani ya halmashauri yetu. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato hayo iwakopeshe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia nne ni yetu wanawake. Mashine yangu ilinunuliwa hivyo, kwa mkopo wa kikundi cha akina mama saba. Hatukudaiwa riba hata shilingi. Tukijitenga, asilimia nne yetu itatoka wapi? Kwenye magenge ya Chanika na stendi ya Pugu? Hesabu hiyo wanaume wa kijiweni hawaipigi, maana wengi wao hawajawahi kukaa kwenye kikundi wakajaza fomu ile.

Tena kubadilisha majina tumeshakuona. Mwaka 2000 Tume ya Jiji iliondoka zikaja manispaa tatu, na marehemu mama aliendelea kupanda gari kwenda mjini kwa kila jambo la kiwanja chake. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji ya zamani na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Nilichokiona mimi huku ni kichwa kipya cha barua.

Ninachoomba ni ofisi kamili ya Jiji huku juu, Chanika au hata Gongo la Mboto. Akae ofisa ardhi, ofisa biashara na mhandisi wa majengo, angalau siku tatu kwa wiki, na wawe na mamlaka ya kusaini. Hapo kwenye kusaini ndipo penye kazi. Dirisha la kupokea fomu na kuzituma mjini halitanipunguzia safari hata moja. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na kwa mtu wa Zingiziwa madaraka ni kalamu ya yule anayeidhinisha.

Nawaomba madiwani wa Chanika, Msongola, Zingiziwa, Buyuni, Majohe na Pugu walipeleke hili barazani kwa sauti moja, kabla ya bajeti ijayo. Kama kikwazo ni jengo, kikundi chetu kitatoa tofali 500 za inchi sita, bure, na tutazipakia wenyewe.

Mama mfyatua tofali,
Chanika, Dar es Salaam