Maji ya Dodoma hayakadiriwi kwa kuhesabu vichwa tu

Mhariri,

Ninafyatua tofali za saruji Ihumwa. Tofali likitoka kwenye kalibu bila kumwagiliwa, linapasuka. Kwa hiyo vijana wangu wanamwagilia asubuhi na jioni, siku saba mfululizo. Mgawo wa maji ukibana tunaita boza, lori la kubeba maji. Anayejenga Mtumba, kwenye mji wa serikali, akinunua tofali zangu, amenunua na maji yangu.

Nalisema hili kwa sababu mahitaji ya maji ya jiji tumezoea kuyapiga kwa watu mara lita. Ni kweli tumeongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Lakini idadi hiyo haionyeshi watu hao wanafanya kazi gani.

Ipo njia ya kuonyesha. Mchumi Wassily Leontief, aliyepewa Nobel mwaka 1973, alipanga uchumi katika jedwali moja: kila sekta inanunua nini kutoka kwa nyingine. Ujenzi unanunua tofali, tofali linanunua usafiri, dereva anakula kwa mama lishe. Ukiweka kando ya kila sekta lita inazotumia kwa kila shilingi milioni ya mauzo, unaweza kujua jengo moja la wizara litavuta maji kiasi gani mnyororo mzima, hata sufuria ya mama lishe imo.

Ila tusinakili jedwali la taifa kama lilivyo. Saruji yangu inatoka nje ya mkoa, maji yake yameshatumika huko. Zabibu za Hombolo ni kinyume: zinakunywa maji hapa, hata kama mvinyo utanywewa Dar es Salaam.

Na hatuna nafasi ya kukosea. Visima vya Makutupora tunavyovitegemea hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Tukikadiria pungufu, mwaka wa kawaida hautatufidia.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao yake hapa hapa. Naomba ikae na mamlaka ya maji na Chuo Kikuu cha Dodoma, wachambue usomaji wa dira za maji (mita) kwa aina ya kazi: gereji, hoteli, ujenzi, machinjio. Visima binafsi na maboza vihesabiwe pia, maana maji yangu mengi hayapiti kwenye dira yoyote. Ninalo daftari la kila safari ya boza na idadi ya tofali za siku hiyo. Atakayelihitaji aje alichukue.

Mfyatua tofali,
Ihumwa, Dodoma