Ondoeni tangazo kwenye kioo, tumwone karani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na wakubwa wa ofisi za mjini zinazohudumia watu kwa dirisha la kioo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, sasa nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa eneo la Gerezani, hapa mjini, nyundo na grenda kutwa, na wala hatukuwa watu wa kuziba masikio. Leo sauti nazisikia, ila p, t, k na s zinanipotea. Mkwe wangu, mwalimu wa baiolojia, anasema kelele za chuma huharibu kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na herufi hizo zimo humo.

Majuzi nilikwenda ofisi moja, siitaji jina, kufuatilia malipo. Kioo ni cha tinti, na usawa wa uso wa karani wamebandika tangazo. Sauti yake inatokea kwenye kispika kinachokoroma, huku nje jenereta linanguruma na daladala zinapiga honi. Nikainama kwenye tundu la kupitishia karatasi. Kijana wa nyuma yangu, masikio yake mazima kabisa, naye zamu yake ilipofika akainama vilevile.

Nilipomsimulia mkwe wangu hakucheka. Alisema ubongo hausubiri sikio limalize kazi yake ndipo uliulize jicho. Unachanganya habari za vyote viwili na kutoa neno moja. Mwaka 1976 watafiti Harry McGurk na John MacDonald, huko Uingereza, waliwaonesha watu picha ya mtu ambaye mdomo wake unatamka "gaga", lakini sauti iliyopachikwa ni "baba". Watu wazima karibu wote wakasikia "dada", kitu ambacho hakikutamkwa na yeyote. Wakifumba macho, "baba" inarudi. Alinionesha kwenye simu yake. Hila nimeshaelezwa, na bado nikasikia "dada"! Nilitaka kugombana na simu.

Kilichonikaa zaidi ni utafiti wa zamani kuliko huo. Mwaka 1954, Marekani, watafiti Sumby na Pollack walionesha kwamba kadiri kelele zinavyozidi, ndivyo kuuona uso wa msemaji kunavyozidi kumsaidia msikilizaji. Palipo kimya, uso hauongezi kitu kikubwa. P na t sikio huzichanganya upesi penye kelele, lakini jicho halihangaiki: p inafunga midomo, t haifungi. Wakati wa korona, tulipovaa barakoa, hata vijana walikuwa wakiambiana "eti?" kila dakika.

Sasa ninyi wakubwa, mbona penye kelele kuliko pote ndipo mnapotuficha uso wa anayesema nasi? Karani simlaumu, hakubandika yeye. Ninachoomba ni kioo cheupe usawa wa uso, na karani anapotaja kiasi au tarehe amtazame mteja, asiongee na kompyuta. Vipaza sauti vikubwa zaidi msituletee. Vitaongeza mkoromo tu.

Tangazo lihamishiwe pembeni, ukuta upo. Na kama kinachokwamisha ni mtu wa kulibandua, mimi wembe na maji ya sabuni ninavyo. Nipewe ruhusa, nakuja Jumatatu asubuhi.

Fundi mstaafu,
Buguruni, Dar es Salaam