Kwa mpwa wangu aliyeiacha Mononoke njiani

Mpwa wangu, marahaba.

Nimepata ujumbe wako kwamba umeishia sehemu ya pili kwa sababu yule muuza dawa, mhusika mkuu, "hachomoi upanga". Kwanza tuhakikishe tunazungumzia kitu kimoja: si ile filamu ya studio ya Ghibli ya 1997 yenye binti na mbwa mwitu. Hii ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya studio ya Toei ya 2007, mwongozaji Kenji Nakamura, sehemu 12 zenye visa 5.

Hachomoi kwa sababu hawezi. Upanga haufunguki mpaka ajue mambo matatu: katachi (umbo la kiumbe, yaani mononoke, pepo anayewasumbua watu), makoto (lililotendeka), na kotowari (lililokuwa moyoni mwa mtu hata yakazaliwa yote hayo). Kila moja likipatikana, kichwa kilichochongwa kwenye mpini hugonga meno. Usiupuuze mlio huo, maana ndio unaokuambia kesi imefika wapi. Na maneno hayo matatu yashike kwa Kijapani. Kotowari hasa kila mtafsiri huiita lake.

Ukimwona kama mpiganaji utachoka. Mfikirie mganga wa pwani anayepunga pepo: kwanza pepo apande, ataje jina lake, aseme anataka nini. Tofauti ni kwamba hapa wanaohojiwa ni walio hai, nao wanadanganya.

Kwa hiyo anza upya, lakini usianzie ulipoanzia. Tafuta anime iliyotangulia, Ayakashi ya 2006, sehemu 3 za mwisho, kisa cha Bakeneko. Bibi harusi anaanguka na kufa mlangoni siku ya harusi yake, na ukoo mzima una la kuficha. Huko ndiko muuza dawa alikotokea mara ya kwanza, na yule mjakazi Kayo utamkuta tena melini katika Umibozu, kisa kimojawapo cha 2007. Tena kisa cha mwisho cha 2007, cha ndani ya treni ya chini ya ardhi, kinarudisha sura zilezile kwa watu wengine. Usipoijua ya 2006, hilo litakupita.

Kila kisa kina sehemu 2 au 3. Kimalize kwa mkao mmoja. Ukikata katikati unasahau nani alisema nini, na hofu yenyewe imo katika maneno hayo. Andika kwenye karatasi safu mbili: alichosema kila mtu mwanzo, na alichosema baada ya mizani na hirizi za muuza dawa, anazotumia kumnusa pepo, kuanza kucheza. Katika Umibozu mtawa Genkei anaeleza habari za dada yake aliyetolewa kafara baharini. Habari inapendeza mno. Linganisha safu zako, nami sikumalizii.

Zashiki-warashi, kisa cha kwanza ulichokiacha, kinatokea kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa danguro, na mwenye mimba anapewa chumba ambamo mimba zilikuwa zikitolewa. Ndiyo sababu nasema usiwawekee wadogo zako kwa vile tu ni katuni.

Bando usilibanie. Picha yote inaonekana kama imechorwa juu ya karatasi ya Kijapani yenye nyuzi, na kuta na nguo zimejaa nakshi. Kwenye ubora wa video wa 360 nakshi hizo huvurugika zikawa uji, kwa sababu video iliyobanwa hufuta kwanza vitu vidogo. 720 ndiyo ya chini kabisa. Utaona faida yake kwenye Nue, kisa cha mashindano ya kunusa udi: dunia imepauka, kisha rangi inaingia pale mtu anaponusa. Simu yenye mwanga hafifu itaua kisa kizima. Wala usiongeze kasi. Ile milango ya karatasi inayofungwa na kufunguliwa ndiyo inayohesabu pumzi.

Wengi hukwama kwenye kisa cha Noppera-bo. Ocho amekiri kuua ukoo mzima wa mumewe, na kiumbe hakionekani popote. Mama yake alimfinyanga tangu utotoni ili aolewe kwa samurai, hata akabaki hana uso wake mwenyewe. Kwangu ndicho kisa bora kuliko vyote, na ndicho kisichokupa jibu lililonyooka. Kirudie mara ya pili ukiangalia dirisha la jikoni tu.

Filamu za Mononoke za 2024 na 2025 ziache kwanza. Sauti ya muuza dawa imebadilika, na mwenyewe si yuleyule.

Ukifika kwa Ocho niandikie: nani alikufa mle ndani?

Mjomba wako