Ile hoteli yetu ya Mkunazini

Mwanangu mpendwa,

Asalaam alaykum. Sisi huku Dar wazima, baba yako mguu unamsumbua kidogo lakini anatembea. Uliniuliza kama ile hoteli ya chakula ya Mkunazini, kule Unguja, bado ipo, maana unataka kuwaleta watoto Disemba. Ipo. Juzi nilivuka na boti kwa harusi ya binti wa shangazi yako, nikaona nipite mwenyewe nijionee.

Yule mzee mwenye hoteli alishafariki, Mungu amrehemu. Sasa anaendesha mjukuu wake, kijana mpole mwenye adabu. Yale mabenchi marefu yameondolewa, na menyu huletewi: mezani kimebandikwa kijimraba cha kupiga picha kwa simu. Nikamwambia, "Baba, niletee urojo, sina haja ya kusoma."

Sasa urojo wenyewe. Rangi nzuri, manjano imekolea, bakuli limejaa pomoni. Nikaonja: unga mtupu. Urojo unaanzia kwenye embe mbichi, inachemshwa na kupondwa mpaka ilainike, ndipo unga wa ngano uliokorogwa na maji unaingia kidogo kidogo ili ushike. Wao unga ndio wameuzidisha, ukali wakautafuta kwa ndimu mwishoni. Ndimu inakata ulimi halafu inapotea, embe inakaa. Na chipsi za muhogo walizitia mapema, zikalowa kabla bakuli halijafika mezani. Hapo nilikasirika kweli, maana hilo halina gharama, ni uvivu tu.

Lakini bajia, mwanangu! Bajia za kunde ni zilezile. Kunde bado wanaziloweka, wanazitoa maganda, wanasaga na kitunguu thomu na pilipili. Ukiivunja, ndani imejaa vitundu na mvuke unakupiga usoni. Chatne ya nazi nayo hawajaiharibu. Nilimaliza sahani nikaagiza nyingine, nikamfungashia na baba yako. Zilimfikia zimepoa, akazila zote.

Wewe hoteli ile unaikumbuka kwa sababu ya kiza. Umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 hadi Machi 2010, friji yetu ikawa kabati, samaki akinunuliwa asubuhi lazima aliwe siku hiyo hiyo. Jioni tunakwenda kwa mzee, kawasha karabai, na jiko lake la mkaa halina habari na umeme. Ukifanyia kazi za shule pale pale, daftari limejaa mafuta ya kachori. Nadhani utamu unaousema ni wa jioni zile. Usije ukawapa watoto maneno makubwa halafu wakae mbele ya bakuli la unga wakikutazama.

Kijana nilimwambia habari ya embe pembeni, wateja wasisikie. Akacheka, akasema wengi siku hizi hawapendi ukali. Huenda kweli, mtaa umejaa nyumba za wageni, na majirani waliokuwa wakija na mabakuli yao wengi wamehamia Fuoni na Mwanakwerekwe.

Waleteni tu, ila nendeni alasiri, bajia zikiwa zinatoka karaini. Urojo tutapika kwa shangazi yako, Disemba embe ni msimu. Nijulishe mapema tarehe ya ndege, na kama mtashukia Unguja moja kwa moja au mtaanzia kwetu, nijue magodoro niyapeleke wapi.

Wabusu watoto.

Mama yako